Ekari Tatu na Robo

Walipofika wapimaji kutoka wilayani
na kile kimashine kinachoongea na mbingu,
mama alikuwa anapura uwele.
Hakusimama. Aliwaonyesha shamba kwa mdomo.

"Mpaka wako uko wapi, Mama Yeledi?"

Anzeni pale alipovunjika mguu dume letu Mabala,
mwaka ule wa njaa,
tukamla siku sita huku tunamlilia.
Kutoka pale fuateni minyaa.
Marehemu aliipanda mwenyewe,
utomvu ukamrukia jicho la kushoto,
hadi anazikwa alikuwa akiliona shamba nusu.

Kijana akatafuta namna ya kuliandika hilo.
Akaandika namba.

Mali nyingine hawakuiuliza:
jiwe la kusagia lililolika katikati
hadi likawa na umbo la kiganja cha bibi,
mbuzi wanne, mmoja wao si wetu,
mjomba Masinjila alimwacha "kwa wiki moja tu"
na sasa ana wajukuu zizini;
zamu yetu ya alfajiri kwenye kisima cha mchanga mtoni,
ambayo mtu hawezi kuiruka bila kutukanwa;
na mlenda unaoota juu ya paa la tembe
kila mvua ikinyesha, bila mpanzi,
tunaupandia ngazi kuuchuma.

Ndipo Chilewa, shemeji wa mama, jirani wa bondeni,
akasimama karibu na kichuguu, mikono nyuma.
"Kuanzia hapa hatua tatu ni zangu."
Hatua tatu! Mistari minne ya karanga.
Jua likahama kutoka bega hili hadi lile,
mtendaji akaomba maji mara ya tatu,
binamu wawili wakaacha kusalimiana.

Mama akakung'uta pumba mapajani.
"Achukue. Ila kichuguu ni changu.
Kumbikumbi wake wamenilelea watoto."

Basi mstari ukanyooka, ukanyooka,
ukafika kwenye kichuguu ukakizunguka
kama mtu anayempisha mkwewe njiani.

Hati ilikuja baada ya miezi tisa.
Muhuri, dole gumba la mama, ekari tatu na robo.
Hajui kusoma, lakini aliweka ukucha
kwenye kile kinundu cha ramani:
"Kumbikumbi wangu hawa hapa."
Akaikunja, akaitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
juu akaweka pilipili, panya wasije.

Januari mvua ilinyesha usiku mmoja
kama inayodaiwa.
Asubuhi korongo lilikuwa limekula hatua kumi na mbili,
mtama wa magotini, minyaa, na mahali pa Mabala.
Nikafungua kopo nikatazama.
Ekari tatu na robo.
Karatasi haikulowa hata tone.

Udongo wetu ulikwenda kulala kwa Chilewa,
mweusi, laini, una mizizi yetu ndani.
Mwaka huo mtama wake ulimfika begani,
nasi tulivuna magunzi ya kuchezea watoto.

Mwezi wa sita alikuja anakokota baiskeli,
nyuma amefunga debe kwa mpira.
"Shemeji," alisema, akiliangalia tairi,
"udongo wako umezaa kwangu."

Mama alizamisha mkono debeni hadi kiwiko,
akaukoroga taratibu, kama anayetafuta kitu alichokidondosha.
Nilidhani atasema ahsante.
"Rudi na la pili."

Alirudi siku ya nne, jua limeshazama.
Debe halikujaa.
Mama alilitikisa, likashuka zaidi,
akalipokea hivyo hivyo,
akaniambia: "Andika."

Nyumbani hapakuwa na daftari.
Niliondoa pilipili, nikaikunjua hati,
nikaigeuza,
nikaandika mgongoni mwake:
*Chilewa, debe moja na kasoro.*